Kifuniko cha Bati

Mteja wa Kilosa alipiga simu dukani kwa Munira, Kibamba, akitaka ringi za pistoni za trekta kuukuu.

"Lile jipya la hosipawa tisini limekufa injini msimu wa tatu tu, dada. Hili la arobaini na tano bado linalima, ila linatoa moshi."

"Liwashe nilisikie."

Injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Kisha kifuniko cha bati kikaanza kugonga bomba la moshi, kile alichokikata marehemu baba yake Munira kwenye debe, mvua isiingie, na trekta likauzwa nacho.

Munira akaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Umeshalijua tatizo, dada?"

Alishalijua.

"Bado," akasema. "Usizime kwanza."