Kigelegele cha Mama

Siku hizo spika ilikuwa haikupigii wimbo wako. Iliutambua kwanza, kisha ikakupigia ule wa mtandaoni, uliosafishwa. Ndiyo sheria, na Bi Salha hakuijali, maana redio yake ya kaseti ilikuwa na spika zake kuukuu. Zilipokufa, mwanawe Hafidh akamletea mpya.

Bi Salha akatia kaseti ya taarabu ya harusi yake. Ilirekodiwa uani, Tanga, watu wamejaa tele. Kwenye ubeti wa pili mama yake aliinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, akapiga kigelegele kirefu mpaka mpiga fidla akakosea. Sauti nyingine ya mama yake hakuwa nayo.

Ubeti wa pili ukaja, ukapita. Fidla haikukosea.

"Kiko wapi?"

"Nini, mama?"

"Kigelegele cha bibi yako, we Hafidh!"

"Ah, zile kelele? Spika hizi zinaondoa kelele zote, hata za humu ndani. Zinaacha wimbo na mazungumzo tu." Akaegemea kochi, akafumba macho.

Hasira zikampanda Bi Salha. Akasimama katikati ya sebule, akapiga kigelegele kwa nguvu zake zote. Koo lilimwasha, ulimi ulicheza, mishipa ya shingo ikamtoka. Masikioni hakusikia ila fidla.

Hafidh alikuwa akitikisa kichwa taratibu, macho bado kayafumba.

"Naona umenyamaza, mama," alisema. "Wimbo umekukolea."