Matroni Asiyefoka

Jambo lolote ambalo wanafunzi wengi walililalamikia kwenye fomu ya maoni, mkufu aliovishwa matroni wa bweni ulimzuia kulifanya tena. Muhula uliopita Zawena naye aliandika: "Anafoka mno."

Sasa homa ilikuwa imemlaza siku ya tatu, hataki kula. Matroni Koku aliingia na uji, akafungua kinywa kwa hasira, lakini mkufu ukatoa sauti laini: "Karibu bwenini, mwanafunzi mpendwa."

"Nifokee tu, mama," Zawena aliomba.

"Asante kwa maoni yako," mkufu ukajibu.

Machozi yakimlengalenga, matroni akaipiga meza kofi, mara mbili. Zawena akashika kikombe upesi, akaumaliza uji wote.

Ndipo simu za bweni zima zikalia pamoja. Fomu mpya, swali la kwanza: "Je, matroni wako anapiga meza?"