Koti la Mkono Mmoja

Nilipotoka kupokea tuzo, nilipitia kwenye chumba nilichoanzia ushonaji. Kilikuwa kimefungwa miaka tisa, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Mdogo wangu alinifuata. Nikaliweka kombe la tuzo mezani, kando ya koti langu la kwanza, lile lililonishinda nikaliacha na mkono mmoja.

Lilikuwa na mikono miwili.

Nikaugeuza ule mkono mpya. Mshono ulikuwa wangu, tena ulionyooka kuliko wowote niliowahi kushona. Siku hizi nina kiwanda. Sindano wanashika wengine, mimi natia saini na kupigwa picha.

"Kumbe ulilimaliza, dada!" mdogo wangu akasema. "Kule ukumbini nilipiga makofi tu. Hongera yangu ya kweli ni ya hili koti."

"Si mimi."

"Acha utani. Na hivi vitone vya damu hapa kwenye mshono ni vya nani?"

Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa laini, havina hata kovu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola, nayo ilikuwa na joto.

Nyuma ya pazia la kupimia nguo, mtu akakohoa. Sauti ilikuwa yangu.

"Toeni hilo kombe mezani," ikasema. "Watu tunafanya kazi hapa."