Alama ya Kiganja

Niru, ile saruji laini ya kumalizia, ilikuwa bado mbichi kwenye kuta za bwawa la samaki wakati Hemedi, ndugu wa marehemu mume wa Mashavu, alipoingia uani bila kupiga hodi. Mashavu hakuinua uso. Aliendelea kusugua kwa mwiko, maana niru ikikauka kabla hujailainisha, maji hupita.

"Shemeji, unajenga kwenye kiwanja cha ndugu yangu," alisema Hemedi. Akainama, akakandamiza kiganja ukutani mpaka vidole vikazama. "Hii ndiyo saini yangu. Thubutu kuifuta uone."

Mashavu hakuigusa. Ukuta ulipokauka, akajaza maji hadi ukingoni.

Kesho yake Hemedi alirudi, akakuta maji yameshuka mpaka chini ya ile alama, yamesimama hapo. Akacheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia? Bwawa la mwanamke."

"Limevuja ulipogusa wewe tu, shemeji," alijibu Mashavu. "Kwingine kote hakuna ufa."

Akaingia bwawani na nyundo na patasi, akaanza kubomoa ile alama, kuanzia kidole cha mwisho. Hemedi alimtazama, mkono wake ule uliotia alama ukijikunja taratibu ndani ya mfuko wa kanzu.