Kanzu Mbili za Marehemu

Gari la upepo lilikuwa tayari, limebaki tanga tu. Zawena alikuwa amefunga magurudumu matatu ya baiskeli kwenye mbao na kusimamisha mlingoti. Punda wao alikwisha kufa, chumvi waliyoivuna ilikuwa bado mbali, mwisho wa uwanda, na mvua ikiiwahi itayeyuka yote. Kanzu ya marehemu mumewe aliyobaki nayo haikutosha kuwa tanga. Ya pili ilikuwa kwa mke mwenzake, Mize, na tangu watoke eda walikuwa hawasemezani.

Akaenda, akapiga hodi.

"Nimekuja kuomba kanzu yake. Chumvi ni yetu sote."

"Kumbe punda wa upepo naye hula nguo," Mize akasema, hakutoka mlangoni. "Alipokuwa hai zamu zangu ulinilia. Leo unataka na kanzu?"

Ilikuwa kweli. Zawena akakaa kizingitini, akamwachia Mungu.

Jua lilipopanda, Mize akatoka na kanzu iliyokunjwa vizuri, na sindano.

"Mikono ya kanzu usiikate," akasema.

Wakazishona kanzu mbili ubavu kwa ubavu. Walipozitundika mlingotini kule uwandani, upepo ukaingia, vifua vikajaa, mikono minne ikanyanyuka. Gari likaanza kujongea.

Mize akawahi kupanda. "Njoo," akasema. "Leo hakuna zamu."

Kamba ya tanga ilikuwa moja. Wakaishika wote wawili.