Filimbi ya Gualtiero

Gualtiero aliweka kofia kwenye nafasi ya marehemu mkewe ili asije mtu akaikalia. Kisha akaitoa filimbi, akaipangusa kwa leso, akairudisha mfukoni.

Bi Ornella, jirani yake wa safu ya juu kabisa ya ukumbi wa opera, alicheka. "Leo unamzika nani?"

"Ngoja uone."

Kule juu, kwenye mabenchi magumu ya tiketi rahisi, ndiko opera huhukumiwa. Walio chini ni makoti tu. Waimbaji wameshauhama mji ule kwa filimbi moja ya kuzomea, na kwa miaka thelathini filimbi ya kwanza ni ya Gualtiero.

"Eti huyu mwongozaji wa Milano kaharibu kila kitu," Bi Ornella alinong'ona. "Yule dada wa kwenye mchezo, mgonjwa wa kifua, hafi kitandani. Anafia kwenye korido ya hospitali, juu ya kiti cha plastiki! Nani anafia kitini, jamani?"

"Cha kijani," alisema Gualtiero. "Mguu mmoja umefungwa waya."

"Na pazia halijafunguliwa! Umejuaje wewe?"

"Mji mdogo huu."

Akatupa macho kwenye roshani ya wageni wa heshima. Pale alikaa mkuu wa hospitali ya mji, tai ya hariri, shingo imenona. Gualtiero alisonya. "Mwone. Hata kupiga makofi ataambiwa na katibu wake."

Wakati wa mapumziko mwongozaji mwenyewe alipanda ngazi, jasho linamtoka.

"Mzee, nakuomba. Mwache dada afe kwanza."

"Shuka, kijana. Atakufa kwa nafasi yake."

Sehemu ya mwisho ikaanza. Taa nyeupe. Nesi anapita, simu sikioni. Dada aliimba akiwa amekaa, sauti ikapungua, kichwa kikaegemea ukuta. Nesi akapita tena, hata hakumtazama.

Muziki ukakoma.

Mkuu wa hospitali alisimama wa kwanza, anafuta machozi, anapiga makofi. Hakuna aliyemfuata. Nyuso zote zilielekea juu, zikisubiri.

Gualtiero akasimama, akaligeuzia jukwaa mgongo, akamkabili yule mkuu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"We Gualtiero!" Bi Ornella alimvuta koti. "Jukwaa liko huku!"

Hakugeuka. Kile kiti alikuwa amekipeleka yeye mwenyewe kwenye mazoezi. Kabla ya hapo kilikaa jikoni kwake miaka miwili, tangu asubuhi ile alipokitoa kwenye korido ya hospitali ya yule mkuu, shali ya mkewe ikiwa bado inaning'inia kwenye egemeo la kiti.