Mapovu ya Mkaguzi

Chupa iliandikwa "asidi", lakini asidi iliisha tangu mwaka jana. Asubuhi ile mtunza maabara aliijaza maji ya bomba kwa mkono wake mwenyewe, maana mwalimu mkuu alishamwambia, "Mama, funika kombe mwanaharamu apite."

Mwanaharamu mwenyewe ndiye huyu mkaguzi, tai imemkaba kama mbuzi wa mnadani. Alimimina kutoka kwenye ile chupa, akatumbukiza kipande cha zinki, akainua neli ya kioo dirishani.

"Mnaona mapovu?"

"Tunaona," darasa likaitika kama kasuku. Mwalimu mkuu naye akaona, tena mengi.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mimi sioni kitu. Zinki imekaa tu."

"Macho unayo, akili huna," mkaguzi akamjibu. "Mwalimu, huyu mpe sifuri."

Mtunza maabara aliwatazama wasomi wale wawili, akaona hata mate ya kuwatemea ni hasara. Akafuta mikono kwenye aproni, akamnyang'anya mkaguzi ile neli, akayanywa yale maji mafunda matatu, mpaka zinki ikamgonga meno.